Rivyu za kulipiwa: maswali mnayoniuliza kila wiki

Natesti simu, chaja, pawabenki, spika na vifaa vingine vidogo vidogo, vingi natoa hapa hapa Kariakoo, na kila wiki inboksi inajaa maswali yale yale kuhusu hela za makampuni. Wengine mnauliza kama wanunuzi, wengine mnaanza kutengeneza video na mnataka kujua mjiweke vipi. Nimeyaweka yote sehemu moja.

Hivi wewe unalipwa au hulipwi?

Nalipwa, ila sio kila mara. Kuna vitu nanunua kwa hela yangu, naenda dukani nabageini kama wewe na risiti ninayo. Kuna vitu kampuni inanitumia bure bila hela. Halafu kuna kazi ambazo kampuni imeweka hela kabisa, kwangu mara nyingi ni nusu kabla na nusu nikishaposti. Hizo ni aina tatu tofauti na mi nazitaja mwanzoni kabla sijafungua boksi: hii nimenunua, hii nimepewa, hii ni tangazo nimelipwa. Ukikuta video yangu haina mojawapo niambie, nitakuwa nimekosea na nairekebisha siku hiyo hiyo.

Sasa kama umelipwa nikuamini vipi?

Niamini kama unavyomwamini dalali. Namaanisha kabisa. Dalali wa nyumba anakutembeza Sinza mpaka Tabata kutwa nzima, kila chumba kizuri, maji yapo, mwenye nyumba hana shida na mtu, na wewe unajua anasubiri hela yake ya mwezi mmoja ndo maana unaenda kufungua bomba mwenyewe uone kama maji yanatoka. Dalali anaweza kukudanganya kuhusu chumba lakini hajakudanganya kuhusu yeye ni nani, na hiyo inakusaidia sana. Winga wa Kariakoo naye hivyo hivyo, ukishajua ni winga unajua kwenye ile bei kuna cha juu chake, unashusha.

Shida inaanza dalali akija kwako kama jirani, amekaa barazani anakwambia tu "kuna chumba nimekiona mahali, kizuri, kama una ndugu anatafuta". Hapo hufungui bomba, kwa sababu hujui hata kama unatakiwa kufungua. Ndo kinachofanyika mtu anaposema "jamani nimekutana na hiki kitu juzi nimekipenda balaa" kumbe juzi alikuwa anasaini mkataba. Kitu chenyewe kinaweza hata kuwa kizuri. Ila amekunyima nafasi ya kuyapima maneno yake, na hiyo nafasi ilikuwa haki yako.

Nimepewa kitu bure tu, hakuna hela. Nayo nitaje?

Taja. Na hili nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndo lililoniingiza kwenye matatizo.

Mwaka wangu wa kwanza nilitumiwa pawabenki. Boksi zuri, juu imeandikwa mAh 30,000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba) kwa maandishi makubwa ya dhahabu, ndani kuna kikadi chenye jina langu kwa mwandiko wa mkono. Hakuna aliyeniambia niisifie na hakuna aliyenipa hata mia. Ila ule mwandiko wa mkono ulinifanya nijisikie nina deni. Nikaichaji, nikachaji nayo simu yangu mara moja, jioni hiyo hiyo nikarekodi nikasema siku tatu umeme usipokuwepo wewe huna habari. Sikusema nimepewa, kwa sababu kichwani kwangu kulipwa ilikuwa ni hela tu.

Wiki kama tano mbele kaka mmoja, wakala wa pesa za simu huko Ifakara, akanitumia picha. Pawabenki ipo juu ya meza yake ya uwakala, imevimba kama andazi, gamba limeachana pembeni mpaka unaona betri za ndani. Aliinunua shilingi 65,000 baada ya kuniangalia mimi, umeme kwao ulikuwa unakatika na simu ikizima hafanyi muamala hata mmoja. Chini ya picha ameandika, "Dada, wewe uliitumia siku ngapi kabla ya kutuambia?"

Niliitumia jioni moja.

Ya kwangu nilikuwa nayo bado. Nikanunua kipimo cha USB, kile kidude unachochomeka katikati ya pawabenki na waya kinakuonyesha volti, ampea na mAh zilizopita, nikaiacha inamwaga chaji usiku kucha. Ikazima kwenye 5,900 na kitu. Asubuhi nikaipeleka duka la jirani tukaiweka kwenye mzani wanaopimia sukari, gramu 210. Sasa angalia. Betri ile ya duara ya saizi ya 18650, inayokaa kwenye tochi na kwenye pawabenki kibao, ina uzito wa karibu gramu 45, na zile nzuri kabisa zinafika kama mAh 3,500. Kupata 30,000 unahitaji tisa za aina hiyo, yaani gramu 400 za betri tupu kabla hujaweka gamba wala saketi. Kitu cha gramu 210 hakiwezi kubeba mzigo huo, hata kikiandikwa kwa dhahabu. Mzani wa sukari ungeniambia hivyo ndani ya dakika moja kama ningekuwa nimejisumbua kuuliza.

(Na ikivimba hivyo usiitoboe wala usiendelee kuichaji, itoe ndani ya nyumba, inaweza kuwaka.)

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni kwamba kitu cha bure ni malipo, safari ya bure ni malipo, hata simu ya kuazima wiki mbili halafu unarudisha nayo naitaja, kwa sababu wewe unayeangalia ndo unatakiwa uamue kama imenibadilisha mdomo au haijanibadilisha.

Siwezi kuweka tu #ad au #collab?

Unaweza kuweka, ila kwa watu wetu haisaidii kitu. Nilimwonyesha shangazi yangu posti tatu za Kiswahili, moja ina #ad mwishoni, moja ina #sp, ya tatu imeandikwa "asante sana" na jina la kampuni. Nikamuuliza ipi hapa ni tangazo. Akaziangalia akasema hakuna, hawa wote wanaongea tu na yule mmoja anashukuru. Shangazi ananunua vitu mtandaoni kila mwezi, sio mtu wa kizamani.

Na sio mimi tu ninayesema hivi. FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, kwenye mwongozo wake kwa mainfluensa imesema wazi kwamba tamko liwe kwa lugha ile ile unayosifia nayo, na kwamba vifupisho kama "sp" na "collab" havieleweki. Ukisifia kwa Kiswahili, sema kwa Kiswahili. Neno lipo na kila mtu analijua: tangazo. Au sema "nimelipwa na" halafu jina, au "nimepewa bure na" halafu jina. Watu wa redio walishamaliza hii kazi zamani sana, "kipindi hiki kinaletwa kwenu na" na bibi yako kijijini anajua hapo kuna mtu amelipia.

"Kwa hisani ya" mi siipendi. Inasikika kama mtu amekufanyia wema wakati ulikuwa ni mkataba.

Niiweke sehemu gani sasa?

Mwanzoni, kabla ya sifa. Kwenye posti ya picha iwe mstari wa kwanza, sio chini kule ambako mpaka mtu abonyeze "zaidi" ndo aione, na sio katikati ya msitu wa hashitegi ishirini. Kwenye video iseme kwa mdomo NA iandike kwenye skrini, maana wengine wanaangalia bila sauti kwenye daladala na wengine wanasikiliza tu huku wanapika. Kuiweka kwenye maelezo chini ya video peke yake haitoshi. Ukiwa laivu rudia rudia, mtu aliyeingia dakika ya arobaini hajui ulichosema dakika ya kwanza. Status ya WhatsApp ndo balaa kabisa kwa sababu mtu anaona slaidi moja anapita, kwa hiyo kila slaidi yenye bidhaa iwe na neno tangazo.

Vile vitufe vya YouTube, Instagram na TikTok vya kuonyesha ni kazi ya kulipiwa washa, ila usivitegemee peke yake. Kile cha YouTube kinakaa sekunde chache tu mwanzoni na kinapotea.

Linki za kamisheni na code za punguzo nazo?

Nazo. Kama unapata chochote mtu akibonyeza au akinunua, sema pale pale kwenye linki. Amazon wanawalazimisha kabisa washirika wao waseme wanapata kamisheni. Kwetu hapa Tanzania, Jumia walishafunga tangu Novemba 2019, kwa hiyo kinachotumika sana sio hata linki, ni ile "ukifika dukani taja jina langu upunguziwe". Duka linahesabu waliotaja jina lako, jioni unaingiziwa hela kwenye simu. Hiyo ni kamisheni kama kamisheni nyingine, na kwa sababu haina linki wala alama yoyote mtu wa nje hawezi kuijua usipomwambia. Mi nasema hivi: "ukitaja jina langu unapunguziwa elfu tano na mimi napata elfu tatu." Watu bado wanataja. Wengine wanataja ili nipate.

Kampuni inataka kuiona video kabla sijaposti. Nikubali?

Kukagua usahihi nakubali. Kama nimesema kamera ina megapikseli 50 kumbe ni 48, au bei nimekosea, wanirekebishe, nawashukuru. Kubadilisha maoni sikubali na naiandika kwenye mkataba kabla ya hela kuingia, mstari mmoja tu kwamba udhaifu nitakaoukuta nitautaja. Kuna waliogoma, tukaachana salama. Kuna mmoja alinitumia brifu, yaani maelekezo ya kazi, yenye sentensi "usitaje kuwa ni ushirikiano, ionekane asilia". Ukiona sentensi hiyo kimbia, maana maana yake ni kwamba wanachonunua kwako ni uaminifu wa watu wako na hawataki hao watu wajue umeuzwa.

Hii staili haikuanzia huku. Mwaka 2015 duka la Lord & Taylor la Marekani liliwapa mainfluensa 50 gauni moja lile lile, likawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja, wote wakaposti Instagram wikiendi moja. Posti zilipita kwanza kwa kampuni kuhakikiwa na hakuna aliyetakiwa kusema amelipwa. Gauni likaisha dukani. FTC ikawafuata, kesi ikamalizwa 2016. Fikiria dada aliyenunua lile gauni akiamini ameona watu hamsini wamelipenda wenyewe.

Kwenye video ya kulipiwa lazima nitafute kasoro?

Usitafute kasoro ya kulazimisha ili uonekane mkweli, huo nao ni uongo. Sema ulichokipima. Mfano pawabenki halali kabisa ya mAh 20,000 ukiipima kwenye USB haikupi 20,000, kwa sababu ile namba imehesabiwa kwenye volti 3.7 za betri na USB inatoa volti 5, kwa hiyo inashuka mpaka kama 14,800 na joto linakula nyingine unabaki na 13,000 hivi. Hiyo sio feki. Ila kampuni nyingi hazipendi uitaje na mnunuzi anaihitaji, asije akadhani ameibiwa. Kutaja kitu cha namna hiyo kwenye video uliyolipiwa ndo watu wanaanza kukuelewa.

Sheria inasemaje? Nani atanikamata?

Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, na inakataza mwenendo wa kupotosha kwenye biashara. Kenya wana Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012, zote zinagusa madai ya uongo na ya kupotosha kuhusu bidhaa. Ziliandikwa bila kumfikiria mtu wa TikTok lakini kupotosha ni kupotosha.

Mlioko nje mambo ni makali zaidi. Ufaransa walitunga sheria ya mainfluensa Juni 2023, adhabu inafika miaka 2 jela na faini ya euro 300,000. Uingereza ASA, wasimamizi wa matangazo wa huko, wanataka neno "Ad" lionekane mwanzoni. Marekani, kuanzia tarehe 21 Oktoba 2024 kuna kanuni ya kupiga marufuku rivyu feki, faini yake ilipoanza ilikuwa inafika mpaka dola 51,744 kwa kosa moja, na imebeba pia kununua wafuasi feki na rivyu zilizoandikwa na mashine kana kwamba ni mteja. Na kama upo Dar ila unauzia watu walioko Marekani, usidhani hawakuhusu.

Lakini kwa kweli mi nikisubiri askari ndo niwe mkweli kwa yule kaka wa Ifakara nitakuwa nimeelewa vibaya kazi yangu.

Krimu, dawa za kupunguza tumbo, uwekezaji. Dili zake zinalipa sana, nifanye?

Hapa mi sifanyi hata kwa kutaja nimelipwa. Pawabenki mbovu inakula hela yako, krimu mbovu inakula ngozi na figo. Zebaki kwenye krimu za kung'arisha ni sumu, mkataba wa kimataifa wa Minamata uliweka kikomo cha 2020 kwa krimu zenye zebaki zaidi ya sehemu 1 kwa milioni, na bado zinauzwa. Kama mtu anakutumia krimu ambayo haina orodha ya viambato, haina alama ya TBS (shirika la viwango), halafu anataka useme "mi mwenyewe natumia", unaomba watu waweke usoni kitu ambacho hata wewe hukijui. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, waulize wao kwanza, usiniulize mimi.

Uwekezaji nao una yake. Kim Kardashian alilipwa dola 250,000 kuposti kuhusu sarafu ya kidijitali ya EthereumMax, na hashitegi ya tangazo aliiweka. Ila sheria ya Marekani ya dhamana za uwekezaji inataka useme na kiasi ulicholipwa, hakusema, na Oktoba 2022 akakubali kulipa dola milioni 1.26. Kwa hiyo kuna bidhaa ambazo neno "tangazo" peke yake haliwatoshi watu wako.

Nyota tano dukani nizitazame vipi?

Kwa uangalifu. Kuna maduka yanatoa shilingi elfu mbili ya vocha ukiweka nyota tano na skrinishoti, na kuna wanaojiandikia wenyewe. Halafu kuna ule ujanja wa kuficha mbaya: Fashion Nova, duka la nguo la mtandaoni la Marekani, walikuwa wanaachia zipande rivyu za nyota nne na tano, za chini wanazikalia, Januari 2022 wakakubali kulipa dola milioni 4.2. Mi nasoma nyota tatu kwanza. Mtu wa nyota tatu anakuambia waya ni mfupi, inachaji taratibu, rangi sio ile ya kwenye picha, yaani unajua ameishika. Nyota tano zenye "bidhaa nzuri sana nawashauri" mara arobaini ndani ya siku mbili nazipita.

Duka ni la mdogo wangu, sijalipwa. Niseme?

Sema "ni la mdogo wangu". Maneno manne tu, na watu watafurahi.

Nikisema nimelipwa makampuni hayatanikimbia? Na watu je?

Baadhi ya makampuni yatakimbia. Mi nilipoanza kusema nilipoteza dili mbili mwezi huo huo na kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia, sitakudanganya kwamba haikuuma. Waliobaki ni wale wenye bidhaa wanazoziamini, wanalipa kwa wakati na hawakusumbui na brifu za ajabu. Watu wanaoangalia hawajakimbia. Waliokuwa wananiita chawa kwenye komenti walikuwa wananiita hivyo wakati naficha, kwa sababu watu wanajua, usifikiri hawajui, wanaona tu umekuwa mtamu ghafla kwa kampuni moja na wanahesabu.

Nimeshaposti nyingi huko nyuma bila kusema. Nifute?

Usifute, kuna watu walishanunua kwa hizo posti na ukifuta unawaacha peke yao. Hariri. Kwenye Instagram unaweza kurudi kuongeza ile lebo ya ushirikiano na kubadilisha mstari wa kwanza. YouTube unaweza kutiki baadaye. Ulichokisema kwa mdomo hakifutiki, kwa hiyo badilisha kichwa cha video na bandika komenti juu kabisa, useme ulipewa au ulilipwa na nani na kama kuna kitu ulikisema bila kukipima kitaje hicho kitu.

Ile video ya pawabenki bado ipo. Kichwa chake sasa kinaanza na neno NILIKOSEA, na komenti iliyobandikwa juu ina picha ya ile iliyovimba, niliomba ruhusa kwa mwenyewe. Hela yake 65,000 nilimrudishia mwisho wa mwezi ule, hakuwa ameomba. Akanyamaza kama miezi miwili hivi. Siku moja usiku ikaingia picha nyingine, pawabenki mpya ya 20,000 ipo juu ya mzani wa duka la huko kwao, na chini ameandika tu: gramu 436.